“Wanasema .375 ni ya kutishia nyani”

Shikamoo Mzee wa Porini,

Nina miaka 39, nauza vipuri vya pikipiki hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Maishani mwangu sijawahi kuwinda kitu zaidi ya panya wa stoo. Ila tangu mwaka jana nimezoeana na marafiki wanne, wawili wa hapa Moshi na wawili wa Arusha, ambao kila kiangazi huingia porini siku tano au sita. Wakirudi tunakutana kwa mmoja wao Njiro, tunachoma nyama ya pofu na swala, na hadithi haziishi mpaka saa nane usiku. Mwaka huu wamesema na mimi niende.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Mkubwa wao, nitamwita Msemaji kwa kuwa anaongea kweli kweli, ameniandikia orodha ya vitu vya kununua. Juu kabisa ipo bunduki: .458 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi) “au kitu cha maana”. Nilipouliza kuhusu .375 na .30-06, ambazo nilikuwa nimezisomasoma, walicheka hadi mmoja akamwaga bia. Wakasema hizo ni za kutishia nyani shambani. Baada ya bunduki kuna buti za mlimani, jaketi zito, mfuko wa kulalia, suruali mbili za kijeshi za mtumba, darubini, visu viwili, deli kubwa la barafu, na kurunzi kubwa ile ya kuchomeka kwenye betri ya gari. Kurunzi ameipigia mstari.

Mfukoni nina milioni sita nilizoweka kwa miaka miwili. Mama Neema anasema hizo ni za bati za nyumba tunayojenga Kiboriloni, na mimi sikatai kwamba tulikubaliana hivyo. Juzi aliniuliza swali nikabaki natazama sahani: “Kilo moja ya hiyo nyama yenu itakuwa imetugharimu shilingi ngapi?”

Jambo la mwisho, Mzee. Baba yangu mdogo alifariki mwezi wa pili kule Machame. Aliacha bunduki ya marisau ya mitutu miwili, aliyokuwa akifukuzia nyani na ngedere kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Ipo kabatini kwake pamoja na risasi kadhaa za zamani. Mama mdogo amenipa ufunguo, anasema niichukue kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kati ya vijana wa ukoo. Kitabu cha leseni kina jina la marehemu. Msemaji anasema kama .458 inanishinda bei, basi niende na hiyo hiyo, “porini nani atauliza?”

Ninunue ipi? Na vifaa gani ni vya lazima? Naomba unisaidie nisiaibike mbele ya wenzangu.

Baba Neema, Moshi

---

Marahaba Baba Neema, na poleni kwa msiba.

Umeuliza bunduki ipi ununue, lakini nitaanza na ile ambayo tayari unayo ufunguo wake. Leseni ya silaha hairithiwi kama kihamba. Ilikuwa ya baba yako mdogo, na siku alipofariki ile bunduki ilibaki haina mwenye haki ya kukaa nayo. Kila usiku inaolala pale kabatini bila polisi kujua, mama yako mdogo yuko matatani, na tangu upokee ufunguo na wewe umeingia. Usiitoe, usiisafishe, usiipige picha ukamtumia Msemaji, wala usithubutu kuiviringisha kwenye blanketi ukashuka nayo Moshi kwa Noah. Nendeni kituoni mikono mitupu, wewe na mama mdogo au msimamizi wa mirathi, mkiwa na cheti cha kifo na kile kitabu. Semeni marehemu aliacha silaha na risasi zake, mnataka kuzikabidhi. Wao watawaambia ziletwe vipi au watakuja kuzichukua. Ombeni maandishi ya kupokelewa, myatunze.

Ukija kuitaka baadaye, utaiomba kwa jina lako, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mtaa wanaokufahamu tabia yako, ndipo yapande hadi polisi. Huchukua muda. Kwa hiyo msimu huu, ambao hufunguliwa Julai 1, huna bunduki ya marehemu, huna .458, huna yoyote. Na usikubali kuazimwa ya mwenzako porini. Leseni imetaja jina la mtu, haikutaja kundi la marafiki.

Sasa orodha. Nimeisoma mara tatu, na kilichonishtua si .458. Ni kurunzi.

Mimi nilibeba bunduki za watu miaka kumi na moja, katika kampuni moja ya uwindaji yenye ofisi hapa Arusha. Nilianza kubeba maji, nikapanda kubeba bunduki, nikaishia kufuata nyayo. Kurunzi ya kuchomeka kwenye gari sikuwahi kuiona ikipakiwa kwa ajili ya kuwinda. Jua likizama tulikuwa kambini tunaota moto na kulalamikia wali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, imekataza kuwinda usiku, kuwinda kwa kummulika mnyama, na kumpiga ukiwa ndani ya gari. Imekataza pia mitego, sumu, na bunduki zinazojipakia zenyewe. Mnyama akimulikwa macho husimama palepale kama kalogwa, ndiyo maana wezi wanaipenda njia hiyo. Mtu akikuandikia vifaa vya safari, kakueleza safari yenyewe bila kukusudia.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kamba ya kiatu, mwombe Msemaji akuonyeshe leseni ya kuwinda. Si kukusimulia, akuonyeshe. Utazame ina jina la nani, imetaja mnyama gani na wangapi, eneo gani, kuanzia tarehe ipi mpaka ipi. Uliza ni afisa wanyamapori gani anajua mnaingia, na kama kuna askari wa wanyamapori mtakayeongozana naye. Mwenye leseni huitoa haraka, tena kwa majivuno, maana anajua alivyohangaika kuipata. Akianza kukuuliza kwani wewe ni polisi, rudi dukani kwako. Na ile nyama ya Njiro acha kuila mpaka uone karatasi zake. Nyama ya porini isiyo na kibali inahesabika nyara ya serikali, na kesi zake huendeshwa kama uhujumu uchumi. Watu wamefungwa miaka 20 kwa nyama ambayo ingetosha sufuria mbili. Gari lililobeba nalo linaweza kutaifishwa, na gari la nani litatumika? Sitashangaa ukisema la kwako.

Haya, tuseme nimewakosea heshima marafiki zako. Karatasi zipo, na kurunzi ni ya kuangazia wapishi. Tuzungumze bunduki, maana iko siku utanunua.

Bunduki huchaguliwa na yule mnyama aliyeandikwa kwenye leseni, wala si na wanaokunywa bia pembeni yako. Hapa kwetu, kwa wanyama hatari kama nyati, kipenyo cha chini kinachoruhusiwa ni .375. Hiyo wanayoicheka ndiyo sheria imeiweka mlangoni. .375 H&H ilitengenezwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia baadaye bado ndiyo bunduki ambayo wawindaji bingwa wengi niliofanya nao kazi wangebaki nayo kama wangeambiwa wachague moja tu. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19 na kitu. Inamtosha nyati, inamfaa pofu, na ukimpiga swala granti haimharibu nyama kama watu wanavyodhani, kwa sababu risasi hiyo nzito haina haraka ya kupasuka.

.458 ya Winchester ilitoka mwaka 1956 kwa kazi ya tembo na nyati walio karibu. Risasi yake ina gramu 32. Ni nzito, haikimbii, na ukimlenga swala aliye mbali kidogo inashuka kama jiwe la manati. Mtu anayekwenda kutafuta swala na pofu akakuambia beba .458 ni sawa na kukuuzia springi za fuso kwa ajili ya bodaboda.

.30-06 ni ya jeshi la Marekani, mwaka 1906. Kwa swala, ngiri na kongoni inatosha na kubaki, na bega lako halitakuchukia. Kwa nyati huruhusiwi. Kwa pofu wengine watakuambia inatosha, na wanaojua kupiga kweli inawatosha. Ila dume la pofu linaweza kupita kilo 600, na mimi nimefuata damu ya pofu kuanzia asubuhi hadi saa kumi kwa sababu ya aliyeamini inatosha. Kwa mtu mgeni kama wewe, leseni ikisema swala na kongoni, chukua .30-06. Ikisema pofu au nyati, .375, na usiende mbele ya hapo.

Nikueleze kwa nini siendi mbele ya hapo. Mwaka mmoja tulimpokea mgeni mwenye mwili kama mlango wa kanisa, amekuja na .458 yake mpya. Siku ya kwanza kambini lazima mgeni apige shabaha, tuone kama safari imevuruga darubini ya bunduki. Akapiga mara tatu, kila risasi chini na kushoto. Mwindaji bingwa wetu hakusema kitu. Akaichukua bunduki kama anaipakia, akamrudishia ikiwa tupu. Yule bwana akalenga, akavuta. Ikalia “ka”. Haikuwa na risasi, lakini mtutu uliinama nusu ya mkono na macho yalikuwa yamefumbwa. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza kuogopa teke hata kabla halijaja. Safari nzima aliwinda kwa .375 ya kambi. Ile .458 nilikuwa naibeba mimi, kilo nne na ushee za chuma, kama mtoto wa mtu.

Mchezo huo wa bunduki tupu unaweza kuufanya na mwalimu wako siku utakapoanza kwenda kwenye kiwanja cha shabaha kinachotambuliwa na polisi. Tena usifanye kosa la kupiga ukiwa umekaa mezani tu. Porini hakuna meza. Piga ukiwa umesimama, bunduki ikiegemea fimbo tatu. Fimbo hizo usinunue. Kata mianzi mitatu inayokufika kidevuni, ifunge juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukiitanua inakuwa kama mafiga. Msemaji hakukuandikia hii kwa sababu haina bei.

Kingine kisicho na bei ni kifuko cha kitambaa chenye majivu ya kuni. Ukikitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unaelekea wapi. Pofu akishanusa jasho lako, hata uwe na mzinga hatakusubiri.

Mavazi. Nyie wa Moshi mna bahati na mna balaa. Bahati ni kwamba vifaa wanavyoacha wageni wa Kilimanjaro vinazunguka kwa wapagazi na vijana wa Memorial na Kiboriloni, vizuri na kwa bei ya kuongea. Balaa ni kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya barafu. Buti ya Kibo ni ngumu kama ubao na imezibwa isipitishe baridi. Vaa hiyo Simanjiro saa saba mchana, ukienda kilomita kumi na tano nyuma ya nyayo, jioni unyayo wako utatoka na soksi. Tafuta buti nyepesi ya ngozi au turubai, inayofunika kifundo kwa sababu ya miiba na kifutu, soli inayokunjika ili usikie kijiti kabla hujakivunja. Ivae dukani mwezi mzima kabla ya safari. Jaketi la mlimani nalo linapiga kelele. Kila mgunga unaokugusa unalia “chwaa”, na ukiisha kulia unalichana. Pamba nzito, rangi ya majani makavu, basi.

Rangi siyo urembo. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Niliwahi kuingia porini na jaketi la bluu nililolipata mtumbani kwa bei nzuri sana. Saa moja baadaye nililivua nikalitundika mtini, nikaliacha hapo hapo wagombanie wenyewe.

Suruali za kijeshi usiguse. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi, na bado nawaona vijana wanayauza. Ukutwe porini na bunduki na suruali hiyo, nani atakusikiliza?

Mfuko wa kulalia wa Kibo utakuchemsha. Chukua blanketi zito moja na shuka la Kimasai, na kofia ya sufi, kwa kuwa Julai usiku wa tambarare una baridi yake.

Kama kuna kitu kimoja cha kutumia hela mwaka huu, ni darubini ya macho mawili. Utaitumia siku nzima, wakati bunduki hutumika sekunde mbili. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Utaambiwa 10 ni bora kuliko 8. Ndiyo, mpaka utembee haraka upandishe pumzi, picha ianze kucheza ngoma. Usiijaribu mchana dukani, kila darubini ni nzuri mchana. Nenda saa kumi na mbili jioni, simama nje, tazama ndani ya kivuli cha mti. Ukiona matawi yanatofautiana, lipa.

Visu viwili sawa, kimoja kiwe kifupi na kigumu cha kuchunia, na mawe ya kunolea usisahau. Kama kati yenu kuna Mwislamu, au mtaalika Waislamu mezani, kubalianeni mapema nani anakimbia kuchinja mnyama angali na uhai. Nimeona kambi nzima ikinuniana kwa ajili ya hilo. Deli la barafu ni zuri kwa vinywaji. Nyama haiokolewi na deli, inaokolewa na haraka: mtoe matumbo pale pale alipoanguka, mpasue apate hewa, mtundike kivulini, nzi wasimkute. Mnyama aliyeachwa mzima juani huku watu wanapiga picha anaanza kunuka kwenye paja kabla hamjamfikisha garini. Maji, lita tano kwa mtu kwa siku, na bandeji za kutosha za kukaza damu. Mtu mmoja nyumbani aachiwe ramani na siku ya kurudi, kwa kuwa huko mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Ushauri wangu, leseni ikionekana na kurunzi ikibaki nyumbani, nenda mwaka huu bila bunduki. Waambie unabeba darubini na majivu. Watakucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu, wewe ndiye utakayekuwa umemwona mnyama wa kwanza. Na ile ya marisau, polisi wakija kukukubalia na fundi wa silaha aliyesajiliwa akaikagua mitutu, itakufaa kwa kanga na kwale kwa umbali wa hatua thelathini hivi. Huo ndio uwindaji ninaoupenda mimi sasa uzeeni. Swala usimpige na hiyo, utamjeruhi tu akafie mbali.

Limebaki swali la Mama Neema, ambalo kwa kweli ndilo swali zuri kuliko yako yote. Dume la swala granti lina kama kilo 70. Ukitoa ngozi, kichwa na matumbo, unabaki na 40 hivi pamoja na mifupa. Mko watano: kilo nane kila mmoja. Gawanya milioni zako sita kwa nane. Ni shilingi 750,000 kwa kilo, kabla ya mafuta ya gari. Mwonyeshe hesabu hiyo wewe mwenyewe, usimsubiri aifanye. Kisha toa kwenye hizo sita hela ya darubini na ya buti, zilizobaki zipande juu ya nyumba.